Majaribio otomatiki yanafeli usiku na kufaulu asubuhi: kosa liko wapi?

mjaribu_wa_zamu

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafanya kazi katika timu ndogo inayotunza programu inayotumiwa na vyama kadhaa vya ushirika wa akiba na mikopo (SACCOS) hapa Tanzania. Wanachama huifungua kwenye kivinjari cha simu, huangalia salio, huomba mkopo na kulipa marejesho kwa pesa za simu. Nimekabidhiwa majaribio otomatiki yaliyoandikwa na mkandarasi ambaye mkataba wake umekwisha. Yapo takriban mia tatu, yameandikwa kwa lugha ya Java na Selenium, zana ya kuendesha kivinjari kwa amri za programu, na karibu yote hupita kwenye skrini: hufungua kivinjari, huingiza nywila, hubonyeza vitufe na kusoma maandishi yanayotokea. Huendeshwa na kompyuta iliyopo ofisini kwetu kuanzia saa saba usiku, moja baada ya jingine, dhidi ya nakala ya programu iliyo kwenye seva ya kukodi nje ya nchi. Kwa kuwa karibu kila hatua ina amri ya kulala sekunde tano au kumi, mzunguko mzima huchukua zaidi ya saa tatu.

Kila asubuhi ripoti huwa na mistari myekundu ishirini au thelathini. Tukiyarudia majaribio yaleyale saa tatu asubuhi, mengi hufaulu bila mtu yeyote kugusa msimbo wa programu. Matokeo yake ni kwamba wasanidi hawaisomi tena ripoti hiyo, na huunganisha kazi zao kwenye tawi kuu, yaani nakala ya msimbo inayotumiwa na timu nzima, hata kama yote ni mekundu. Meneja ametoa njia mbili: ama tuyafute majaribio haya na kurudi kwenye kujaribu kwa mkono, ama tuweke kanuni kwamba jaribio likifeli lirudiwe hadi mara tatu, na likifaulu hata mara moja lihesabiwe kuwa limefaulu. Naomba kujua ni makosa gani yanayosababisha hali hii kwa kawaida, na wapi panafaa kuanzia.

kibodi_kimya

Ndugu, anzia kwenye hizo amri za kulala, kwa sababu ndizo rahisi kuziondoa na faida yake utaiona mapema. Amri ya kulala sekunde tano inakutia hasara pande zote mbili: mtandao ukiwa mwepesi unapoteza sekunde nne na ushee bure, na mtandao ukiwa mzito sekunde tano hazitoshi na jaribio linaanguka. Kila amri ya namna hiyo ibadilishwe iwe kusubiri sharti linaloonekana, kwa mfano kitufe cha kulipa kiwe kimeonekana na kinabonyezeka, au duara la kupakia liwe limetoweka, huku ukiweka kikomo kirefu cha muda ambacho hutumika tu mambo yakiharibika.

Angalia pia kama mkandarasi alichanganya namna mbili za kusubiri za Selenium. Ipo ile ya jumla, inayowekwa mara moja na kutumika kila elementi (kitufe, kisanduku au sehemu nyingine ya ukurasa) inapotafutwa, na ipo ile ya kutaja sharti mahususi. Nyaraka za Selenium zenyewe zinaonya kwamba zisitumike pamoja, na zinatoa mfano wa kusubiri kwa jumla sekunde 10 kukichanganywa na kusubiri sharti sekunde 15, jaribio likaja kukata tamaa baada ya sekunde 20. Ukiona muda wa kufeli kwenye ripoti haulingani na kikomo chochote ulichokiandika, shuku hapo.

Watu watakushauri uhamie Playwright ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2020, kwa sababu yenyewe husubiri elementi ionekane, itulie na ikubali kubonyezwa kabla ya kuibonyeza. Ni zana nzuri. Lakini haiwezi kujua kwamba malipo bado hayajafika kwenye hifadhidata yenu, kwa hiyo kuhama zana kabla ya kuelewa sababu za kufeli ni kuhamisha tatizo pamoja na mizigo mingine.

mzee_wa_seva

Mimi nitakuwa mpinzani kidogo. Kanuni ya kurudia mara tatu si haramu. Kampuni kubwa zote zinaishi na majaribio vigeugeu, yaani yanayofeli na kufaulu bila msimbo kubadilika. Google walieleza mwaka 2016 kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na ukigeugeu wa kiwango fulani, na wao wana wahandisi wengi kuliko sisi sote humu. Timu ndogo haina muda wa kuchunguza kila mstari mwekundu. Weka kanuni, upate usingizi, kisha rekebisha polepole.

fundi_kilindini

Kwa heshima, mzee_wa_seva, tufanye hesabu kwanza, kwa sababu hesabu inakuunga mkono upande mmoja na kukukatalia upande wa pili.

Tuseme kila jaribio lina uwezekano mdogo sana wa kufeli bila sababu, nusu ya asilimia moja tu. Kwa majaribio 300 yasiyotegemeana, uwezekano wa yote kufaulu usiku mmoja ni 0.995 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 300, ambayo ni karibu asilimia 22. Maana yake ni kwamba hata majaribio yanayoonekana kuwa imara kabisa, yakiwa mengi na yote yanapita kwenye kivinjari, ripoti itakuwa nyekundu siku nne kati ya tano. Hapo ninakubali kwamba mtu anashawishika kurudia.

Sasa geuza upande wa pili. Tuseme programu yenyewe ina hitilafu ya kweli inayotokea mara tatu katika kila mara kumi, labda maombi mawili yanagongana na moja linapotea. Ukirudia jaribio hadi mara tatu na kukubali ufaulu wowote, uwezekano wa kuiona hitilafu hiyo ni 0.3 mara 0.3 mara 0.3, yaani asilimia 2.7. Mwanachama wa SACCOS hana kanuni ya kurudia mara tatu. Yeye ataomba mkopo mara moja na kuambiwa ombi halipo. Kwa hiyo kama ni lazima kurudia, jaribio lililofaulu mara ya pili liandikwe kwenye ripoti kwa rangi yake, lihesabiwe, na liwe na mtu wa kulishughulikia. Kulipaka rangi ya kijani ni kuificha habari ambayo mmeigharimia.

Suala la pesa za simu nalisema kwa uzoefu wa Kenya, kwa kuwa huku tunatumia Daraja ya Safaricom, mfumo unaoziunganisha programu na M-Pesa. Ukituma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, jibu la kwanza linalorudi papo hapo huwa na namba ya jibu (msimbo) 0, na maana yake ni kwamba ombi limepokelewa. Halimaanishi kwamba pesa zimetoka. Matokeo halisi huja baadaye kwenye anwani ya mrejesho uliyoisajili, yakiwa na msimbo wake mwenyewe: 0 kwa aliyelipa, 1032 kwa aliyekataa ombi kwenye simu yake, na kadhalika. Nimeona majaribio mengi yanayosoma lile jibu la kwanza na kutangaza kwamba malipo yamefaulu. Jaribio la namna hiyo haliwezi kufeli hata siku ambayo hakuna shilingi iliyoingia.

Usiyafanye majaribio ya kila usiku yategemee mazingira ya majaribio ya mtoa huduma, kwa sababu yakizimwa kwa matengenezo nanyi mnazimika. Tengeneza huduma bandia ndogo inayoigiza mtoa huduma, kisha uiamuru ilete mrejesho uliochelewa dakika mbili, mrejesho uliokuja mara mbili kwa muamala mmoja, na mrejesho usiokuja kabisa. Hali hizo tatu ndizo zinazoleta simu za malalamiko kutoka kwa wanachama, na hakuna hata moja unayoweza kuitengeneza kwa kubonyeza kitufe kwenye skrini. Mazingira ya mtoa huduma myaguse kwa majaribio machache, kabla ya kutoa toleo jipya.

bi_takwimu

mjaribu_wa_zamu, kabla hujabadilisha mstari wowote naomba ujibu maswali mawili. Je, majaribio yanayofeli ni yaleyale kila usiku, au hubadilika? Na katika mzunguko wa saa tatu na zaidi, yanafeli mwanzoni, katikati au mwishoni?

Ninauliza kwa sababu umesema seva ipo nje na kompyuta inayoendesha majaribio ipo ofisini. Seva nyingi za kukodi huwekwa kwenye saa ya dunia, UTC, na sisi Afrika Mashariki tupo mbele yake kwa saa tatu. Kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, tarehe ya Dar es Salaam imeshageuka ilhali tarehe ya seva bado ni ya jana.

mjaribu_wa_zamu

Nimepitia ripoti za wiki mbili zilizopita, na nimeshangaa. Sehemu kubwa ya yanayofeli ni yaleyale, nayo ni ya marejesho, riba na faini za kuchelewa. Karibu yote hufeli kabla ya saa tisa usiku. Yale ya marejesho yanayoendeshwa baada ya saa tisa hufaulu, isipokuwa machache yanayofeli ovyo ovyo mahali popote. Kompyuta ya ofisini ipo kwenye saa yetu; seva nimeikagua, ipo kwenye UTC.

Je, nibadilishe tu saa ya kuanzia iwe saa kumi alfajiri?

bi_takwimu

Hapana, tafadhali, usiihamishe saa hiyo kabla hamjajua kinachotokea, kwa maana ukiihamisha utakuwa umezima majaribio pekee yanayowaambia ukweli.

Chukua mwanachama ambaye rejesho lake linatakiwa kulipwa tarehe 14. Amelipa tarehe 15 saa saba na nusu usiku, yaani amechelewa. Kivinjari chake kinaonyesha tarehe 15, lakini seva inaandika 14, na faini haitozwi. Geuza mfano huo kwa mkopo uliotolewa usiku huo: mkataba unaoonekana kwenye skrini una tarehe 15, riba inaanza kuhesabiwa tarehe 14. Mkaguzi wa chama akilinganisha stakabadhi ya pesa za simu na leja ya mwanachama ataona tarehe mbili. Kwa hiyo jaribio lenu halikukosea. Programu ndiyo yenye hitilafu, na imekuwa ikiripotiwa kila usiku kwa watu walioacha kusoma.

Tiba yake ni ya kawaida: wakati wa tukio uhifadhiwe kwa UTC, lakini tarehe ya kibiashara, yaani ile inayoamua faini, riba na kufunga hesabu za siku, ihesabiwe kwa saa ya Afrika Mashariki mahali pamoja tu katika msimbo wa seva, na kivinjari kisiruhusiwe kujiamulia tarehe. Baada ya hapo andika jaribio linaloweka saa ya programu kuwa saa saba usiku kwa makusudi, ili hitilafu hiyo ionekane hata ukiliendesha mchana.

Ndiyo sababu ninaona kosa kubwa kuliko yote kuwa ni kuyaita majaribio vigeugeu kabla ya kuyapanga kwa saa, kwa mashine, kwa mpangilio na kwa data. Mengi yana sababu inayojirudia kikamilifu. Ni sisi ambao hatujaitafuta.

kibodi_kimya

Bi_takwimu amenifunga mdomo kuhusu kuanzia kwenye amri za kulala. Ninaondoa neno "anzia", ushauri wenyewe ubaki.

Niongeze kuhusu yale machache yanayofeli ovyo ovyo. Angalia kama majaribio yanashirikiana mwanachama mmoja wa mfano. Ni desturi ya wakandarasi kutengeneza mwanachama mmoja mwenye namba moja ya simu na kumtumia kila mahali, hivyo jaribio la kutoa akiba likimaliza salio lake, jaribio la salio linalofuata linakuta sifuri. Wengine huandika jaribio la pili likitegemea kwamba la kwanza limeshamsajili mwanachama, na siku la kwanza likianguka yanaanguka yote kumi yaliyo nyuma yake, ukasoma ripoti ukidhani programu nzima imekufa. Kila jaribio lijitengenezee mwanachama wake kupitia API (mlango wa programu kuzungumza na seva moja kwa moja, bila skrini), kwa namba ya simu isiyotumika kwingine, wala lisitegemee usafi wa jaribio lililotangulia. Kujua kama mna tatizo hili ni rahisi: changanyeni mpangilio wa majaribio bila utaratibu, muone yapi yanalia.

Na vitufe je, vinatafutwaje? Kama ni kwa njia ndefu ya XPath, yaani anwani ya elementi ndani ya ukurasa, inayohesabu visanduku kutoka juu ya ukurasa, kila mabadiliko ya sura ya ukurasa yatavunja majaribio. Kama ni kwa maandishi yaliyo juu ya kitufe, basi siku mtu wa masoko akibadilisha "Lipa sasa" kuwa "Fanya malipo", au mwanachama wa mfano akiwekwa kwenye lugha ya Kiingereza, mtapata hitilafu zisizokuwepo. Waombeni wasanidi waweke kitambulisho maalumu cha majaribio kwenye elementi muhimu, na kisibadilishwe bila kuwaarifu.

fundi_kilindini

Kuna upande ambao bado haujaguswa, nao ni majaribio yanayofaulu. Ndugu muulizaji, una mistari thelathini myekundu, lakini mia mbili na sabini ya kijani nani ameikagua?

Fungua machache usome mwisho wake. Utakuta jaribio la kuomba mkopo linalojaza fomu, linabonyeza kitufe, kisha linahakiki kwamba kichwa cha ukurasa kina neno "Mikopo", neno ambalo lipo hata ombi likikataliwa. Utakuta jaribio lililofungwa ndani ya utaratibu wa kudaka makosa, ambao huandika kosa kwenye kumbukumbu na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Na katika programu za mikopo utakuta lile baya zaidi: jaribio la riba linalokokotoa jibu linalotarajiwa kwa kuiita kanuni ileile ya programu. Kanuni ikikosea, jaribio nalo linakosea kwa kiasi kilekile, na wote wawili wanakubaliana.

Majibu yanayotarajiwa yakokotolewe nje ya programu na kuandikwa kama namba. Mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba ya asilimia 12 kwa mwaka isiyopungua na salio, unalipwa shilingi 112,000 kila mwezi. Mkopo huohuo kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi inayopungua na salio unalipwa takriban shilingi 106,619 kila mwezi. Namba hizo mbili mhasibu wa chama anaweza kuzithibitisha kwa kikokotoo chake, na msanidi akichanganya aina za riba jaribio litamkamata.

Wala hesabu hii haihitaji kivinjari. Mike Cohn, mwandishi wa vitabu vya usanidi wa programu, alieleza mwaka 2009 umbo la piramidi: majaribio mengi ya vipande vidogo vya msimbo chini, ya huduma katikati, na machache ya skrini juu. Mkandarasi wenu aliigeuza juu chini. Riba, faini na ratiba za marejesho zishushwe chini, ambako majaribio mamia huisha kwa sekunde chache, na skrini zibakiwe na safari za mwanachama ambazo zikivunjika chama kinasimama: kuingia, kuomba mkopo, kulipa rejesho, kuona taarifa ya akaunti. Mengine mengi ya zile mia tatu yanaweza kufutwa kadiri yanavyopata mbadala huko chini, kwa hiyo meneja wako hakukosea kabisa aliposema yafutwe.

Kama unataka kupima nguvu ya majaribio yaliyobaki, haribu programu kwa makusudi kwenye tawi lako: geuza alama ya kujumlisha iwe ya kutoa katika faini, kisha yaendeshe. Yakibaki ya kijani, umepata jibu. Kwa Java ipo zana iitwayo PIT inayofanya uharibifu huo yenyewe, mstari kwa mstari.

mjaribu_wa_zamu

Nawashukuru sana. Nimezungumza na meneja, na amekubali kwamba hatufuti wala haturudii kwa siri. Hitilafu ya tarehe imepewa kipaumbele, kwa sababu mhasibu wa chama kimoja alikuwa tayari ameuliza kuhusu stakabadhi zenye tarehe mbili na hakuna aliyempa jibu.

Nina swali moja la mwisho. Miongoni mwa yanayofeli baada ya saa tisa, yapo ya ratiba ya marejesho ambayo nimegundua hufeli mwishoni mwa mwezi tu. Je, nayo ni suala la saa za dunia?

bi_takwimu

Hilo ni suala la kalenda zaidi. Bila shaka jaribio linasema "mkopo umetolewa leo", kisha linategemea tarehe ya siku linapoendeshwa. Likiendeshwa tarehe 31 Januari, Java ikiongeza mwezi mmoja kwa darasa la LocalDate, sehemu yake ya kushughulikia tarehe, hukupa siku ya mwisho ya Februari. JavaScript kwenye kivinjari ikiongeza mwezi kwa njia yake ya zamani ya setMonth huruka hadi tarehe 2 au 3 Machi. Seva na skrini zikikokotoa kila moja kivyake, zitatofautiana kwa siku hizo chache za mwezi na kupatana siku nyingine zote.

Hata ndani ya Java kuna mtego. Ukiongeza mwezi mmoja juu ya 31 Januari unapata 28 Februari, na ukiongeza mwezi mwingine juu ya jibu hilo unapata 28 Machi. Lakini ukiongeza miezi miwili moja kwa moja juu ya 31 Januari unapata 31 Machi. Kwa hiyo ratiba ikokotolewe daima kutoka tarehe ya kutolewa kwa mkopo, isikokotolewe kutoka rejesho lililotangulia, na mwulize mhasibu wa chama kanuni yao inasemaje kabla ya kuamua jibu sahihi ni lipi.

Katika msimbo, waambie wasanidi wasiite saa ya mfumo moja kwa moja. Java tangu toleo la 8 ina darasa la Clock, linaloweza kupitishwa kama kigezo na kusimamishwa kwenye wakati unaoutaka. Jaribio lisimamishe saa kwenye 31 Januari, kwenye 29 Februari 2024, ambapo mkopo wa miezi 12 unapaswa kuishia 28 Februari 2025, na kwenye 1 Januari saa saba usiku kwa saa zetu, wakati UTC bado ipo mwaka uliopita. Hizo ziendeshwe kila msimbo unapounganishwa, mchana, kwenye kompyuta ya msanidi mwenyewe.